Namna ya Kumgombania Mama Mliyemzika Pamoja

Mwongozo huu ni wa watu wazima waliozaliwa tumbo moja, ambao mama yao ameshatangulia. Vinavyohitajika ni vichache: ndugu wasiopungua wawili (watano ndiyo inanoga), mkeka, birika la chai, na jioni ambayo hakuna anayewahi basi. Sisi ni watano. Tunamgombania mama yetu mwaka wa sita sasa, nyumbani kwake Ngamiani, Tanga, na kwenye simu kati ya Tanga, Dar es Salaam na Muscat. Haya ninayoyaandika tumeyajaribu wenyewe, na yametufaa.

Msianze mapema. Siku tatu za matanga si za kugombania. Nyumba imejaa wapishi, wasomaji, majirani na viti vya kukodi, na mfiwa hapati hata nafasi ya kulia vizuri, maana kila akikaa anaitwa aulizwe mchele uliobaki ni kiasi gani. Arubaini nayo ina shughuli zake. Subirini baada ya hapo, turubai limeshashushwa, masufuria yamerudi kwa wenyewe, na nyumba imenyamaza kimya ambacho hamkuwahi kukisikia humo tangu mzaliwe. Kimya hicho kitawashinda. Mmoja wenu atasema, "Mama angekuwepo, angesema hivi." Mwingine na ambishie papo hapo: "Thubutu! Asingesema hivyo hata kidogo." Mmeanza.

Kwetu sisi tulianza na vitumbua. Mama alikuwa akiuza vitumbua mlangoni miaka mingi, na ndivyo vilivyotusomesha, maana mshahara wa baba wa reli ulikuwa ukifika katikati ya mwezi umeshachoka. Baada ya arubaini Dada akasema atapika vitumbua vya mama, tule sote pamoja. Akaloweka mchele usiku, akakuna nazi mbili, akakamua tui zito, akaacha unga uumuke mpaka ukatoa povu juu. Chuma kile kile cha mama, chenye mashimo saba. Kijiti cha kupindulia kile kile, ambacho si kijiti bali spoku ya baiskeli iliyonolewa ncha. Vikatoka vizuri, vya mviringo, vimeiva pembeni. Kitindamimba wetu akauma kimoja, akatafuna taratibu, akakiweka chini.

"Si vya mama hivi."

Dada akamtazama. "Vina nini?"

"Havina iliki."

"Mama hakuwa akitia iliki."

"Mama? Dada, nyumba nzima ilikuwa ikinuka iliki!"

Ugomvi huo ulituchukua miaka miwili. Kaka alikuwa upande wa Dada. Mdogo wetu wa Muscat alikuwa upande wa kitindamimba, na alikuwa akituma ujumbe usiku wa manane kututajia idadi ya punje. Mie nilikuwa nakumbuka iliki, lakini nakumbuka pia kwamba vitumbua vya utotoni mwangu vilikuwa na rangi ya kahawia, si vyeupe, na kila nikilisema hilo wote wananigeukia kwamba naota.

Ilikuwa ni Dada mwenyewe aliyelikumbuka jambo hilo, siku moja akifua. Akapiga simu hata salamu hakungoja. "Sukari guru," akasema. "Ilikuwa sukari guru. Sukari nyeupe haikuwepo."

Sasa hapa ndipo pa kukaa kitako, maana ndipo mwongozo wote unaposimama. Dada alizaliwa 1970, mama akiwa na miaka 19. Utoto wake wa kukumbuka uliangukia kwenye vita vya Kagera na miaka ya foleni iliyofuata. Alikuwa akiamshwa saa kumi alfajiri akaweke kikapu dukani, kikapu kishike nafasi ya mtu, na akirudi mikono mitupu mama anamrudisha. Amekula unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano. Amefua sare ya shule kwa majani ya mpapai kwa sababu mche wa sabuni ulikuwa kama dhahabu, na mwaka 1983, Sokoine alipoanza kuwasaka wahujumu uchumi, alimwona mama akitetemeka kwa ajili ya kilo mbili za sukari alizoletewa na abiria wa treni. Mama wa Dada alikuwa msichana mwembamba, mwepesi wa mwiko, anayehesabu njiti za kiberiti. Iliki angeitoa wapi?

Kitindamimba alizaliwa 1986. Mzee Mwinyi alikuwa ameingia Ikulu mwaka uliotangulia, mambo ni ruksa, mitumba imemwagika sokoni, sabuni za rangi zote ziko dukani. Dada alikuwa tayari anafanya kazi. Mama wa kitindamimba ni mwanamke aliyenenepa kidogo, anayekaa barazani jioni na kucheka mpaka anashika mbavu, anayemwacha mtoto alale mpaka saa mbili. Huyo alikuwa na iliki kwenye kopo.

Tulizaliwa na mama mmoja, lakini hatukulelewa na mwanamke mmoja. Mkilijua hilo hamtaacha kugombana. Mtagombana vizuri zaidi, kwa sababu sasa kila mmoja anajua kwamba mwenzake hamzulii marehemu uongo, anamsimulia mtu ambaye yeye hakumkuta, au aliyekwisha kuondoka.

Hata hivyo kuna siku neno litatoka na litauma. Kwetu lilitoka Idi moja, mezani. Kitindamimba alikuwa akisimulia jinsi mama alivyokuwa mpole, hajapata kumchapa hata siku moja. Dada akasema, bila kupandisha sauti:

"Weye hukumjua mama. Weye umemjua bibi."

Kitindamimba akanyamaza kidogo. Kisha akamjibu, naye kwa upole vile vile, "Na weye, dada, hukumjua mama akicheka."

Neno la namna hiyo likishasemwa, msikimbilie kusuluhisha. Msiseme "basi, yaishe". Mimineni chai. Acheni kijiko kigonge kikombe. Dada alilia siku ile, akamfuata kitindamimba jikoni, na akamwomba amsimulie: alikuwa akicheka vipi? Akicheka nini? Wakakaa huko mpaka wali ukapoa. Tulipowachungulia, kitindamimba alikuwa amesimama katikati ya jiko akiigiza mama anavyoshika ubavu na kufuta machozi kwa ncha ya khanga, na Dada amekaa kwenye kibao cha mbuzi anamtazama kama mtoto anayetazama sinema kwa mara ya kwanza.

Kanuni nyingine ni hii: msimsafishe. Najua tumefundishwa kwamba marehemu hasemwi vibaya, na mbele za watu hivyo ndivyo. Lakini ninyi si watu, ninyi ni watoto wake. Mama akisafishwa sana anakuwa picha ya ukutani, na picha haina harufu. Mama yetu alikuwa na kinyongo. Aliwahi kukaa miaka kumi na moja bila kusemezana na jirani wa ukuta kwa ukuta, kisa nazi zilizoangukia upande wa pili. Hakumtukana hata mara moja. Alikwenda dukani akanunua khanga yenye jina "Hasidi hana sababu", akajifunga, akawa anapita mlangoni kwa jirani asubuhi na jioni, akitembea polepole ili maandishi yasomeke. Jirani naye akanunua ya kwake. Sisi watoto tukawa tunajifunza kusoma kwa viuno vya mama zetu. Na siku mama alipokata roho, huyo jirani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia na ndoo ya maji, akafunga mlango, na hakumruhusu mtu mwingine amguse kichwa mpaka alipomaliza kumwosha. Tukiuficha ule ugomvi wa nazi, na ndoo ile itakosa maana.

Tukifika kwenye khanga, twendeni taratibu. Mama atakuwa ameacha sanduku. Mama zetu wa pwani wote wanaacha sanduku. Letu lilikuwa na doti arubaini na moja. Kwa wasiojua: khanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoshikana, kila kimoja na pindo lake, mji wake wa katikati na jina lake, na haivaliwi mpaka ikatwe na kupindwa. Katika doti zile arubaini na moja, tisa zilikuwa hazijakatwa. Ni zile tulizomletea sisi, za Idi, za uzazi, za safari. Kila aliyemletea alimwona akiifunua, akiinusa, akiisoma jina kwa sauti, akisema "ahsante mwanangu", kisha akiikunja kufuata mikunjo ile ile ya dukani. Alikuwa akiziweka kwa siku nzuri zaidi.

Msigawane sanduku siku moja. Na kabla ya yote, msifue! Hili nalisema kwa uchungu. Shangazi mmoja, kwa nia njema kabisa, alichukua khanga tatu za juu siku ya pili ya matanga akazifua na kuzianika. Zilirudi safi, zinanuka sabuni tu. Zilizobaki chini ndizo zilizomhifadhi: udi, karafuu, mafuta ya nazi kwa mbali, na moshi wa mkaa ambao haukumtoka hata alipokuja kununuliwa jiko la gesi. Fungueni sanduku pamoja, nuseni, fungeni. Fungueni tena baada ya mwezi. Mdogo wetu wa Muscat hakuwahi mazishi, ndege ilimwacha. Dada alichagua khanga moja ambayo mama alikuwa amejifunga wiki ile ya mwisho, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga mafundo mawili, akautia kwenye mfuko mwingine, akampa msafiri. Mdogo wetu anasema ameufungua mara nne tu kwa miaka yote hii. Anafungua, anaingiza uso, anahesabu mpaka kumi, anafunga.

Zile ambazo hazijakatwa ndizo zitakazowagombanisha kwa uzuri. Sisi tulikubaliana zikatwe, kipande kimoja kwa mmoja na cha pili kwa mwingine, watu wawili kila doti, ili pasiwe na mwenye khanga nzima ya mama. Wanaume pia. Kaka anajifunika yake akilala mchana. Mie na kitindamimba tuna doti moja, jina moja: "Japo sipati tamaa sikati." Tukikutana namuuliza, "Nusu yangu iko wapi?" Naye ananijibu, "Nusu yako unayo mwenyewe, iliyoko kwangu ni yangu." Hatujachoka bado.

Upande wa sauti, ihifadhini leo, kabla hamjaendelea kusoma. Mama yetu alikuwa na kitochi miaka mingi, na alikuwa hapigi, anabipu. Akibipu mara moja, maana yake nipigie. Akibipu mara mbili, hela imefika, Mungu akuzidishie. Mara tatu usiku, shuka bila kuuliza. Sauti yenyewe tumeipata mwishoni tu, kupitia simu ya mjukuu, ule ujumbe wa kurekodi. Kaka alikuwa na mwingi kuliko sote. Simu yake ikaharibika, akaipeleka kwa fundi, fundi akaifuta yote na kumrudishia ikiwa mpya. Kilichosalia ni ujumbe mmoja aliokuwa nao mdogo wetu wa Muscat, kwa sababu yeye hafuti kitu. Una sekunde kumi na nne. Kwanza kunasikika pumzi. Kisha jogoo wa jirani. Kisha mama, akimuuliza mjukuu, "Imeingia? Hii imeingia?" Mjukuu anasema, "Sema, bibi." Mama anasema, "Haya." Basi. Hayo ndiyo yote tuliyonayo. Kila mmoja wetu sasa ameuhifadhi mahali pawili, nje ya simu, na jina lake na tarehe yake. Nanyi hifadhini hata ule usio na neno la maana. Kwenye wetu, lile "haya" peke yake tumeshalijadili jioni nzima: alikuwa amechoka, au alikuwa anacheka?

Hadithi nazo zina kesi yake. Miaka ile televisheni haikuwepo Bara, ilikuja 1994. Tulikuwa na redio, na kwenye redio kulikuwa na kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam. Betri zikichoka mama alizianika juani mchana ili zifike jioni, na mara nyingi zilikufa katikati ya hadithi, mtoto bado yuko porini na zimwi liko nyuma yake. Mama alikuwa anaizima redio, anaendelea mwenyewe pale pale, kwa sauti ya mtangazaji. Matokeo yake ni kwamba hatujui tena ipi ilikuwa ya redio na ipi ilikuwa yake. Kuna moja, ya msichana aliyemfundisha zimwi kushona, ambayo Kaka anaapa aliisikia redioni mwanzo hadi mwisho. Mie nasema zimwi lile lilikuwa linavuta uzi kwa meno kama mama mwenyewe alivyokuwa akivuta kwenye cherehani lake, na hakuna mtangazaji aliyejua hilo. Wajukuu wamekwisha kuidaka, wanaisimulia kwa namna zote mbili.

Waacheni watoto wakae karibu mnapogombana, lakini wasiulizwe wanampenda shangazi yupi zaidi. Mawifi na mashemeji nao wakae, wasikilize, wasiamue. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yetu mpaka mwaka jana, na mwaka jana tuliibadilisha.

Mke wa Kaka, wifi yetu, ndiye aliyeishi na mama miaka saba ya mwisho. Sisi tulikuwa tunakuja sikukuu na mifuko, yeye alikuwapo Jumanne. Alikuwa akimkata kucha, akimchemshia uji, akimshika mkono kwenda msalani. Katika jioni zetu zote alikuwa akikaa pembeni akichambua mchele, anatabasamu, hasemi. Jioni moja tulikuwa tukibishana kuhusu ushujaa wa mama. Dada alikuwa anakumbusha usiku ule mwizi alipoparamia ukuta na mama akatoka peke yake na mchi, baba yuko safarini. Kaka anasema alikuwa na panga. Tukaulizana: mama aliwahi kuogopa nini? Tukakubaliana, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano, kwamba hakuwahi kuogopa kitu.

Wifi akasema, macho yako kwenye ungo, "Mama alikuwa akiogopa giza."

Tukamgeukia wote.

"Tangu mtoto, aliniambia. Umeme ukikatika alikuwa ananiita. Nilikuwa naingia nalala naye mpaka urudi. Alisema nisiwaambie."

Hakuna aliyembishia. Hatukuwa na cha kumbishia nacho, huyo alikuwa mama wa sita na hatukuwa tumemwona. Kitindamimba ndiye aliyesema baadaye, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta: "Kile kibatari cha ukumbini."

Kila usiku wa utoto wetu, hata miaka ya mafuta ya taa kukosekana, mama alikuwa akiacha kibatari kidogo kinawaka ukumbini, juu ya kiti cha mbao, kati ya chumba chake na chetu. Angeweza kutunyima sukari, angeweza kuhesabu njiti, lakini kibatari kile hakukizima. Moshi wake umechora doa jeusi ukutani ambalo rangi zote tulizopaka baadaye hazijalifunika. Dada anasema kilikuwa cha Kaka, aliyekuwa akikojoa kitandani na kuogopa kwenda msalani. Kaka anasema kilikuwa changu, kwa sababu nilikuwa napiga kelele usingizini. Mdogo wetu kutoka Muscat anasema kilikuwa cha baba, aone njia akishuka treni ya usiku. Wifi anasema kilikuwa cha mama mwenyewe.

Ijumaa ijayo tunakutana tena. Dada amesema ataleta hoja mpya.